Saa ya Mwamuzi: Kupoteza Muda, Kujiangusha na Maamuzi Yenye Utata

Timu ya ugenini ikiwa mbele kwa bao moja na saa ikiwa imeshapita dakika ya 80, malalamiko ya jukwaani huwa ni yale yale: kipa amelala chini bila kuguswa, beki anajivuta kwenda kurusha mpira ulio hatua tatu tu kutoka alipo, mshambuliaji ameanguka ndani ya kumi na nane na penalti haikutolewa, na mwamuzi, kwa maoni ya jukwaa zima, ndiye aliyeyaruhusu yote. Filimbi ya mwisho ikilia, kupoteza muda, kujiangusha na maamuzi yenye utata huwekwa katika kapu moja na kupewa jina moja, kwamba refa ametuuza. Hiyo ni tuhuma nzito, na mara nyingi hutolewa bila ushahidi wowote. Mambo hayo matatu yana sheria tofauti na tiba tofauti, na asiyeyatenganisha hawezi hata kujua anapaswa kulalamika kuhusu nini. Yapo hata hivyo yanayoyaunganisha, na kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni suala la adhabu. Kwa miaka mingi soka iliandika adhabu ambazo ama zilikuwa kubwa mno hata mwamuzi akaogopa kuzitoa, ama ndogo mno hata mchezaji akaona ni afadhali aadhibiwe.

Tuanze na muda. Sheria za soka ni 17, na hutungwa na bodi ya kimataifa ijulikanayo kwa kifupi kama IFAB, iliyoanzishwa mwaka 1886. Ndani ya bodi hiyo vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini vina kura moja kila kimoja, FIFA ina kura nne, na badiliko lolote linahitaji kura sita kati ya hizo nane. Sheria ya 7 inasema mechi ina vipindi viwili vya dakika 45, na kwamba mwamuzi ataongeza muda uliopotea katika kubadilisha wachezaji, kuwakagua na kuwatoa majeruhi, kutoa kadi, mapumziko ya kunywa maji, ukaguzi wa VAR (mwamuzi msaidizi anayetazama marudio ya video), kushangilia mabao na hila za kupoteza muda. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba saa yenyewe haisimami. Mpira unapotoka nje, kipa anapouweka chini apige goli kiki, ukuta unapopangwa mbele ya mpira wa adhabu, sekunde zinaendelea kuhesabiwa, na kwa kawaida haziongezwi baadaye kwa sababu zinahesabiwa kuwa sehemu ya mchezo. Ndiyo maana katika ligi kubwa za Ulaya mpira huwa unachezwa kwa kweli kwa dakika kati ya 50 na 60 tu, ingawa shabiki amelipia 90.

Timu inayojua kuua muda huitumia nafasi hiyo hasa. Haifanyi jambo moja kubwa la kumlazimisha mwamuzi atoe kadi, bali hurefusha kidogo kila kituo cha kawaida. Chukulia mechi yenye mipira ya kurusha 40: kila mmoja ukicheleweshwa kwa sekunde tano tu, zimekwenda zaidi ya dakika tatu, na hakuna hata tukio moja kati ya hayo 40 ambalo peke yake lingeonekana kuwa kosa. Kadi ya njano kwa kuchelewesha kuanza upya kwa mchezo ipo katika sheria, lakini mwamuzi akiitoa dakika ya 20 kwa sababu ya mpira wa kurusha ataonekana mkali kupita kiasi, na akingoja hadi dakika ya 88, muda umeshaliwa na mchezaji anaipokea kadi hiyo huku akitabasamu.

Halafu kuna ule ubao unaoinuliwa na mwamuzi wa akiba. Dakika zinazoandikwa pale ni za chini kabisa. Mwamuzi wa kati anaweza kuziongeza lakini hawezi kuzipunguza, kwa hiyo zikionyeshwa dakika tano na ndani ya hizo tano kipa akalala kwa dakika nzima, kuchezwa kwa dakika ya sita ni utekelezaji wa sheria. Kelele za benchi linaloongoza, lile linalomwonyesha mwamuzi saa za mkononi, hazina msingi wowote hapo. Vilevile mwamuzi akikosea hesabu katika kipindi cha kwanza haruhusiwi kulipa deni hilo katika kipindi cha pili.

Hatari ya kumkabidhi mtu mmoja saa yote ilionekana na bara zima tarehe 12 Januari 2022 mjini Limbe, Kamerun, katika mechi ya Tunisia na Mali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Mali ikiwa mbele kwa bao moja, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho katika dakika ya 85. Akakumbushwa, mchezo ukaendelea, kisha akaumaliza tena sekunde chache kabla ya dakika ya 90 kutimia, bila kuongeza hata dakika moja, ingawa kulikuwa na ukaguzi wa VAR na kadi nyekundu. Baadaye waamuzi walirudi uwanjani ili mechi imaliziwe, lakini Tunisia hawakutokea, na matokeo yakabaki 1-0. Sikazwe alieleza kwamba joto kali lilikuwa limemlemea kiafya. Naamini maelezo hayo yanastahili kusikilizwa kwa huruma, lakini swali la kimfumo linabaki pale pale: uwanja mzima ulikuwa na saa, na bado saa iliyokuwa na nguvu ya kisheria ilikuwa moja tu.

Katika Kombe la Dunia la Qatar mwishoni mwa mwaka huo huo, Pierluigi Collina, mkuu wa waamuzi wa FIFA, aliagiza waamuzi wahesabu kwa ukamilifu muda uliopotea. Mechi ya England na Iran ikapata takriban dakika 27 za nyongeza ukijumlisha vipindi vyote viwili, nyingi zikitokana na kuumia kichwa kwa kipa wa Iran, Alireza Beiranvand. Hakuna kifungu kipya kilichoandikwa kwa ajili hiyo, kwani ile ile Sheria ya 7 ilianza tu kusomwa kama ilivyo. Wapo wanaotaka zaidi ya hapo, na mwaka 2017 IFAB yenyewe iliweka mezani wazo la vipindi viwili vya dakika 30 ambamo saa ingesimama kila mpira unapotoka, kama inavyofanyika katika futsal, soka ya ukumbini yenye vipindi vya dakika 20. Wazo hilo halikuwa sheria, na mimi sioni ubaya, kwa sababu soka inajivunia kuchezwa kwa kanuni zile zile Wembley na katika uwanja wa vumbi usio na hata ubao wa matokeo.

Mahali ambapo suala la adhabu linaonekana waziwazi kuliko pote ni mikononi mwa kipa. Soka ilishawahi kumshughulikia mara moja, mwaka 1992, ilipopiga marufuku kudaka mpira uliorudishwa kwa mguu na mwenzake, baada ya Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia ambako mipira ya kurudishwa nyuma ilichosha hata mashabiki wavumilivu. Baadaye ikaja kanuni ya sekunde sita: kipa akiushikilia mpira kwa mikono zaidi ya hapo, wapinzani wapewe mpira wa adhabu usiopigwa moja kwa moja golini, na upigwe pale pale kipa aliposimama. Kila aliyecheza mpira anajua maana yake. Ni wachezaji 11 waliojipanga kwenye mstari wa goli lao, mpira uko mita chache mbele yao, na uwanja mzima umechachamaa. Kwa kosa la sekunde mbili tatu, hiyo ilikuwa ni kuua mbu kwa rungu, na waamuzi wakaacha kabisa kuhesabu. Makipa wakazoea kulala juu ya mpira, kuinuka taratibu, kuwaashiria mabeki wapande mbele, na sekunde 15 au 20 zikapita bila filimbi.

Ubaya wa sheria iliyosinzia ni kwamba siku ikiamka inaonekana kama dhuluma. Tarehe 6 Agosti 2012, katika nusu fainali ya Olimpiki ya wanawake pale Old Trafford, Kanada ilikuwa inaongoza Marekani kwa mabao 3-2, yote matatu yakiwa ya Christine Sinclair, na zilikuwa zimebaki kama dakika kumi. Mwamuzi Christina Pedersen wa Norway akamwadhibu kipa Erin McLeod kwa kukaa na mpira zaidi ya sekunde sita. Mpira wa adhabu uliofuata ulimgonga mchezaji wa Kanada mkononi, ikatolewa penalti, Abby Wambach akasawazisha, na katika dakika ya 123 Alex Morgan akafunga bao la nne. Kwa mujibu wa maandishi, mwamuzi alikuwa sahihi. Kwa mujibu wa mazoea, alikuwa ametoa adhabu ambayo hakuna aliyekumbuka kuiona ikitolewa, tena katika saa nyeti kuliko zote. Wakanada walikasirika, na hasira yao ilikuwa na haki yake, kwa sababu mchezaji hujifunza sheria kwa kuangalia zinavyotumika kila wiki, si kwa kusoma kijitabu.

Kuanzia msimu wa 2025/26 mambo yamebadilika. Kipa sasa ana sekunde nane, mwamuzi anainua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho ili kila mtu azione, na mpira usipoachiwa wapinzani wanapewa kona. Sekunde zimeongezwa na adhabu imepunguzwa, lakini kanuni imepata meno. Kona ni adhabu ambayo mwamuzi anaweza kuitoa dakika ya 12 bila moyo kumdunda, na kipa anaijua hivyo. Kanuni hiyo ilitumika kwenye Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani mwaka 2025, na ukimtazama kipa anapouona ule mkono uliokunjua vidole vitano ukianza kufunga kimoja kimoja, utaona anavyoinuka haraka na kuusukuma mpira kwa beki wa karibu.

Lakini kuna mlango mmoja ulioachwa wazi, na unatumiwa kila wikiendi. Sheria inamtaka mchezaji wa ndani aliyetibiwa uwanjani atoke nje na asubiri mchezo uanze ndipo aruhusiwe kurudi, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano aliyemuumiza akiwa amepewa kadi. Kipa hahusiki na sharti hilo, kwa kuwa timu haiwezi kubaki bila mlinda mlango. Kwa hiyo timu iliyobanwa humwashiria kipa wake, naye huketi chini na kushika nyama za paja. Daktari anaingia na mkoba, na kabla dawa ya kupuliza haijatolewa utawaona wachezaji kumi wengine wameshakimbilia benchi, chupa za maji mikononi, kocha akiwaonyesha kwa kidole nani ahamie wapi. Hayo ni mapumziko ya kiufundi ambayo soka haijawahi kuyaruhusu. Mwamuzi hawezi kumwambia mtu kwamba haumwi, maana akikosea mara moja tu anaweza kuhatarisha maisha. Anachoweza ni kuongeza dakika, lakini dakika zikirudishwa kasi ya wapinzani hairudi, na kasi hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuuawa. Ningependa kuona timu ikilazimishwa kumtoa mchezaji mmoja wa ndani kwa dakika moja kila kipa wake anapotibiwa pasipo kugongana na mtu. Kipa aliyeumia kweli angepata huduma yake yote, na anayeigiza angewagharimu wenzake.

Kujiangusha ni jambo la aina nyingine, maana hapo kinachoibwa ni macho ya mwamuzi. Sheria ya 12 inamtaka mchezaji anayejaribu kumdanganya mwamuzi, kwa kujifanya ameumia au kujifanya amechezewa faulo, aonyeshwe kadi ya njano. Mifano mikubwa ya historia inajulikana. Tarehe 3 Juni 2002 mjini Ulsan, Korea Kusini, Hakan Ünsal wa Uturuki alimpigia mpira Rivaldo wa Brazil aliyekuwa akijiandaa kupiga kona. Mpira ukamgonga mguuni, naye akaanguka akiwa ameshika uso. Ünsal akatolewa kwa kadi nyekundu, na Rivaldo akatozwa faini ya faranga za Uswisi 11,500 baada ya mechi, fedha ambazo kwa mchezaji wa kiwango chake hazikuwa kitu. Linganisha na Roberto Rojas, kipa wa Chile, ambaye tarehe 3 Septemba 1989 pale Maracanã, timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja mbele ya Brazil, alianguka karibu na fataki iliyorushwa kutoka jukwaani na kuinuliwa akiwa anavuja damu. Picha zilionyesha fataki haikumgusa, na ikabainika kwamba alijikata mwenyewe kwa wembe aliouficha katika glavu. Alifungiwa maisha, adhabu iliyokuja kuondolewa mwaka 2001, na Chile ikazuiwa kushiriki safari ya kuelekea Kombe la Dunia la 1994.

Kati ya ncha hizo mbili kuna eneo pana ambalo ndilo linalowatesa waamuzi kila siku. Kuguswa si lazima kuwe faulo, na kuanguka bila faulo si lazima kuwe udanganyifu. Mshambuliaji anaweza kuruka kukwepa mguu wa beki na kuanguka kwa haki kabisa, na jibu sahihi hapo ni mchezo kuendelea bila penalti na bila kadi. Anaweza pia kuguswa kweli, kidogo, kisha akaongeza mwenyewe kilio na kujiviringisha mara tatu. Faulo ni ya kweli, maigizo ni ya ziada. Hapa sina budi kusema jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia: waamuzi wenyewe wamechangia kuwafundisha wachezaji kuanguka. Mchezaji anayevutwa jezi ndani ya boksi akajikaza, akapiga shuti huku amepoteza mizani na kukosa, ni nadra kupewa penalti yake. Anayejiachia chini huipata. Maadamu filimbi inafuata anayeanguka badala ya kufuata kosa lenyewe, hakuna kocha atakayemfundisha kijana wake kusimama.

Sasa tuje kwenye maamuzi yenye utata, na hapa sisi wa Tanzania tuna kidonda chetu. Tarehe 5 Aprili 2024 mjini Pretoria, katika marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika baina ya Mamelodi Sundowns na Yanga, baada ya sare tasa Dar es Salaam, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa panya, likadunda chini na kutoka. Mwamuzi wa Mauritania, Dahane Beida, hakutoa bao, VAR haikubadilisha uamuzi huo, mechi ikaisha bila bao tena na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Picha zilizosambaa usiku ule ziliwashawishi wengi kwamba mpira ulikuwa umevuka mstari, na klabu ikapeleka malalamiko CAF.

Ili tukio lile lieleweke, lazima tujue bao ni nini. Sheria inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote, baina ya nguzo na chini ya mtambaa panya. Mpira una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, yaani kipenyo cha kama sentimita 22. Kwa hiyo mpira unaweza kudunda kwenye nyasi zilizo nyuma ya mstari na bado usiwe bao, kwa sababu tumbo lake bado limening'inia juu ya chokaa. Sehemu iliyogusa chini inapaswa kuwa takriban sentimita 11 nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari. Umbali huo ni mdogo kuliko upana wa kiganja na vidole vikiwa vimekunjuliwa, na kamera isiyokaa sambamba kabisa na mstari inaweza kuupotosha kwa upande wowote. VAR hutegemea kamera hizo za matangazo, na haruhusiwi kubadilisha uamuzi wa uwanjani mpaka aone kosa lililo wazi na dhahiri. Teknolojia ya mstari wa goli ni kitu kingine kabisa: kamera zake maalumu hupima mahali mpira ulipo na kupeleka ishara kwenye saa ya mwamuzi ndani ya sekunde moja. Iliidhinishwa mwaka 2012, miaka miwili baada ya shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani kule Bloemfontein kuvuka mstari bila kuonekana na waamuzi, na kule Pretoria haikutumika. Hivyo lawama zilizomiminwa juu ya mtu mmoja zilipaswa, kwa sehemu kubwa, kuelekezwa kwa waandaaji wanaoendesha hatua za juu za mashindano makubwa ya klabu barani bila kifaa hicho. Lilikuwa swali la kipimo, nalo likaachiwa macho.

Mambo mengine hayapimiki. Mpira umevuka au haujavuka ni jambo la ukweli. Mkono ulikuwa mahali pa kawaida au la, faulo ilikuwa ya hatari au ya uzembe tu, hayo ni maoni ya mwamuzi, na picha mia hazitayageuza kuwa hesabu. VAR ilipoingia rasmi katika sheria mwaka 2018 ilipewa mambo manne tu: mabao, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja na kukosea utambulisho wa mchezaji aliyeadhibiwa. Na hata hapo inafaa tu ikiwa inafanya kazi. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika iliyochezwa Radès, Tunisia, tarehe 31 Mei 2019 ilivunjika baada ya bao la kusawazisha la Wydad kukataliwa, wachezaji wakadai VAR, wakaambiwa mitambo imeharibika, wakagoma kuendelea, na kombe likaenda kwa Espérance. Kuahidi VAR kisha kuikosa kuna madhara makubwa kuliko kutokuwa nayo tangu mwanzo.

Je, uamuzi wa mwamuzi unaweza kufutwa? Sheria ya 5 inasema maamuzi yake kuhusu matukio ya mchezo, yakiwemo bao na matokeo, ni ya mwisho, na mchezo ukishaanzishwa upya hawezi kuyarudia. Kosa la kibinadamu, hata likiwa baya kiasi gani, halirudishi mechi. Ila ufisadi hurudisha. Novemba 2016 mjini Polokwane, mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly wa Senegal ameunawa mpira uliokuwa umemgonga gotini. Afrika Kusini ikashinda 2-1. Lamptey alifungiwa maisha kwa kupanga matokeo, mechi ikarudiwa Novemba 2017, Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Urusi. Hiyo ndiyo maana halisi ya refa kuuza mechi, na ilihitaji uchunguzi na ushahidi. Anayelitumia neno hilo kwa kila penalti iliyonyimwa anaifanya tuhuma ya kweli, siku ikitokea, isisikilizwe.

Mechi nyingi za ligi zetu za Afrika Mashariki huchezwa bila VAR, na kwa bajeti zilizopo sioni kama hilo litabadilika upesi. Hata hivyo mkono unaohesabu sekunde nane hauhitaji umeme. Wala utaratibu wa nahodha peke yake kumkaribia mwamuzi, uliotumika Euro 2024 nchini Ujerumani na sasa kuwekwa na IFAB mikononi mwa mashindano yanayoutaka, hauhitaji mtambo wowote. Kabla ya mechi manahodha huarifiwa kwamba wao tu ndio watakaopewa maelezo, anayekuja mwingine kuzonga anaonyeshwa njano, na ikiwa nahodha ni kipa, timu hutaja mapema mchezaji mmoja wa ndani atakayezungumza kwa niaba yake ili kipa asilazimike kukimbia mita 60 kwenda kuuliza.